Gusa, Usibonyeze

Mimi nina wifi mmoja tu, na kwa miaka yote niliyokaa naye nimemshukuru Mungu kwamba hakunipa wawili. Ni dada wa marehemu mume wangu. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Tulia, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu picha bila kumwambia neno hilo. Unakaa kwenye stuli, unavuta kola, unameza mate, naye nyuma ya kamera anasema, "Tulia." Hasemi "cheka", hasemi "tazama hapa". Ni tulia tu, kwa sauti ya mtu anayekunywesha dawa, nawe unatulia kweli.

Studio yetu ni chumba kimoja kati ya fundi viatu na duka la dawa. Mbele ni kwangu: kaunta, kompyuta, mashine ya kuchapia, kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, maana vitana vya dukani vina miguu, na kopo la mafuta ya kujipaka kwa wateja wanaofika wamepauka. Nyuma ya pazia ni kwa wifi. Kule kuna taa mbili, stuli, kitambaa cha bluu cha kuning'inizwa nyuma ya mteja, na ukutani, pembeni ya kitambaa, kuna fremu yenye picha ya mume wangu akiwa kijana. Shati limefungwa mpaka juu na ametulia kama alivyoagizwa. Wifi aliipiga mwenyewe, na kila mteja mgumu hupelekwa mbele yake aambiwe, "Picha inatakiwa iwe hivi. Hesabu kope ukitaka."

Na kope zilikuwa zinahesabika. Huo ndio ulikuwa ufahari wake. Filamu ilipokufa alikubali kamera ya dijitali, shingo upande, lakini akaifunga lenzi yake ile ile ya zamani, ya kuzungusha kwa mkono. Mzoea punda hapandi farasi. Vidole vya mkono wa kushoto vilizungusha pete ya lenzi, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka sura ikasimama, halafu ndipo likatoka lile neno lake. Kamera za kujilenga zenyewe alizidharau. Alisema ni za watu wanaopiga picha huku wanatafuna.

Kisha bahasha zikaanza kurudi. Mimi ndiye ninayechapa picha na kumkabidhi mteja, kwa hiyo lawama zote zinaanzia kwangu. Kuna baba mmoja alikuja kapakata mwanawe mchanga, wakapigwa. Alipofungua bahasha akasema, "Mama, vifungo vya shati langu nilikuwa navijua. Nilikuja kupigwa picha na mtoto."

Niliangalia. Vifungo vilikuwa vikali kiasi cha kuonesha uzi. Mtoto alikuwa kama uji uliomwagika.

"Mtoto alitikisika," nikasema.

"Mtoto alikuwa amelala."

Nikamwomba radhi, nikampa miadi nyingine, nikaenda nyuma ya pazia kugombana. Wifi alisema taa zimechoka. Siku nyingine alisema mashine yangu inachapa vibaya, tena akaikagua kwa ukali, kwa kuigusa gusa, na hapo ndipo nilipomwona anaigusa kwa sababu haioni vizuri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilifunga duka mchana ule ule nikamshika mkono mpaka kwa daktari wa macho, njia nzima ananitukana.

Daktari alimweleza polepole. Katikati ya jicho la kulia pameanza kufifia, na la kushoto limechoka lakini litabaki. Hatapofuka. Miwani itamsaidia kutembea, kupika, kusoma maandishi makubwa. Ila ule uoni wa kuchungulia katundu kadogo na kuona kama kope zimesimama, huo asiutegemee tena.

Tuliporudi studio alikaa kwenye stuli ya wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa. "Fundi cherehani asiyeona tundu la sindano anafanya nini?" akaniuliza. "Jirani yetu mwokaji mikate ameniomba nipige familia yake mwezi ujao. Nikimaliza hiyo, nafunga."

Niliogopa, nasema wazi. Wifi hana mume wala mtoto. Ana binti yangu, anayemwita shangazi na kumsikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi, na ana chumba kile cha nyuma ya pazia. Ukimtoa huko sijui utamweka wapi, na mimi mwenyewe sijui ningeamka niende wapi asubuhi, nigombane na nani. Nikampigia simu binti yangu, anayefanya kazi mbali, nikamwambia kila kitu. Alipokuja likizo alibeba boksi.

Ndani mlikuwa na kamera mpya yenye kioo kikubwa mgongoni, kama simu. Binti akaiwasha, akaielekeza kwangu, na kisanduku chembamba cheupe kikatokea kwenye uso wangu bila mtu kugusa kitu.

"Shangazi, hii inaitafuta sura yenyewe," akasema. "Huchungulii popote, unaangalia hapa kwenye kioo. Ikikosea, unagusa mahali unapotaka pawe na ukali. Kisanduku kikigeuka kijani na kulia tii, umepata."

"Sasa mimi kazi yangu ni nini?"

"Kuchagua. Yenyewe haijui unamtaka nani."

Wifi akaguna. Binti, kwa kutaka kumpendezesha, akaongeza, "Na tena ina wifi. Picha zinaruka zenyewe mpaka kwenye kompyuta ya mama."

"Wifi?" Tulia akanitazama kwa upande. "Huyu mmoja ananitoa roho. Wa pili wa nini?"

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Lakini likizo iliisha, akaondoka, na kamera ikabaki na sisi wawili. Wifi aliijaribu na haikumsikia. Miaka ya kutumbukiza mikono kwenye dawa za kusafishia filamu ilimwachia ncha za vidole ngumu na kavu kama maganda, na kioo kile kinataka kidole laini. Akadhani dawa yake ni nguvu. Akawa anakikandamiza kama anaua mdudu.

"Gusa, usibonyeze," nikamwambia.

"Nimegusa."

"Umebonyeza. Hiyo si kengele ya mlango."

"Na wewe si mwalimu."

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Cha wifi hakikuweza hata kuhamisha kisanduku. Akarudisha kamera kwenye boksi, akaliweka boksi juu ya kabati, akasema familia ya mwokaji ataipiga kwa lenzi yake, na liwalo na liwe.

Hapo sikulala raha, maana picha ile haikuwa ya mchezo. Mwokaji ni jirani yetu wa siku nyingi, na mama yake ni mteja wa mwanzo kabisa wa Tulia: alimpiga akiwa bibi harusi, na mwanamke yule bado anaitunza picha hiyo. Sasa ni mzee wa kushikwa mkono, na watoto na wajukuu waliotawanyika walikuwa wamepanga kukutana siku moja tu, wapigwe naye, kisha kila mmoja ashike njia yake. Mama huyo akitoka kama uji uliomwagika, hakuna miadi ya pili. Na wifi angefunga mlango wake kwa picha hiyo, aondoke nayo moyoni.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, jua bado linaingia dirishani, uvumilivu uliniisha. Nikashusha boksi, nikaifunga kamera mpya kwenye stendi yake, nikavuta pazia na kukaa kwenye stuli.

"Nipige," nikasema.

"Sina muda na wewe."

"Nipige, au kesho ukamwambie yule mama kwamba alitikisika."

Akaja. Hakuja kwa upendo. Alikuja amekunja uso, akasimama nyuma ya kamera, akainamia kioo. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu kwa daktari. Akacheka.

"Kisanduku hakikutaki," akasema. "Kimekwenda kwa kaka."

Nikageuka. Kweli, nyuma ya bega langu mume wangu alikuwa amening'inia ukutani na shati lake, ananitazama. Nikasogea kushoto, kisanduku kikabaki kwake. Nikainua kidevu, wapi.

"Hata kamera inajua mzuri wa nyumba hii ni nani," akasema wifi.

Nilicheka naye, ingawa neno lile lilinichoma pale pale panaponichoma siku zote. Mimi na wifi hatukuchaguana. Kaka yake ndiye aliyetukutanisha, na alipokufa tuliendelea kutazamana kupitia kwake. Kila kizuri nilichofanya kilikuwa "kama alivyopenda kaka", na kila kibaya kilikuwa changu mwenyewe.

Akagusa kioo. Hakikusikia. Akabonyeza, na stendi nzima ikatikisika. Nikainuka, nikaenda kwenye kaunta nikachukua kopo la mafuta ya wateja, nikamshika mkono wa kulia. Alitaka kuuvuta, nikaukaza. Nikampaka kidole kile cha shahada, ncha na pembeni, nikakisugua mpaka ugumu ukalegea, nikafuta mafuta yaliyozidi kwa pindo la nguo yangu. Sikumbuki kama niliwahi kumshika mkono kabla ya hapo, ukiacha siku ya msiba na ile siku ya daktari.

Nikarudi kukaa.

"Si huyo," akaiambia kamera, taratibu, kama anamwelekeza mgeni. Akainua kidole na kukishusha juu ya kioo kama mtu anayepima joto la paji la mtoto. "Huyu."

Tii.

"Tulia," akasema, nami nikatulia.

Kamera ikalia. Nikamkumbusha alivyofundisha binti, kwamba ukiipata picha unaigusa mara mbili inajaa kioo kizima. Akagusa mara mbili. Akaifungua kamera kwenye stendi, akaisogeza karibu na jicho lake la kushoto, akaitazama hadi nikadhani picha imeharibika tena.

"Wifi," akasema.

"Nini?"

"Kumbe umezeeka."

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, tena kali. Lakini aliendelea, kidole kikisogeza uso wangu huku na huku kwenye kioo. "Una mikunjo hapa. Na hapa. Na mvi zimefika mpaka mbele. Haya yote yameingia lini?"

Ndipo nilipoelewa. Kila asubuhi tunafungua mlango pamoja, tunakunywa chai kwenye kaunta moja, tunagombana uso kwa uso, na kumbe uso wenyewe alikuwa hauoni. Alinijua kwa sauti na kwa mwendo wa viatu vyangu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia nini? Kwamba nimekupoteza na umesimama hapa hapa?"

Nililia. Sikujificha, nililia pale pale kwenye stuli, na wifi akanifokea kwamba nitaharibu mwanga. Nilipojifuta nikamuuliza kuhusu kope.

"Zinahesabika," akasema.

Kesho yake familia ya mwokaji ilijaa mpaka kwa fundi viatu, ikabidi stuli zake ziazimwe. Mama mzee aliketishwa katikati, wanawe wakasimama nyuma, wajukuu wakakaa sakafuni mbele. Wifi alikuwa na kopo la mafuta kando yake. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake na kuona anachokiona: kisanduku kilirukia mjukuu aliyekaa mbele kabisa, kikahamia kwa mwokaji, kikarudi kwa mjukuu. Sikumnong'oneza kitu, ingawa ulimi uliniwasha. Alichovya kidole, akakifuta, akamgusa mama mzee kwenye kioo. Tii. Alipiga, akaangalia, akagusa tena, akapiga tena.

"Mbona hujasema neno lako?" yule mama akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nilikuwa nasubiri uliombe mwenyewe," wifi akajibu. "Haya. Tulia, mama."

Wote wakatulia, hata watoto. Hiyo ndiyo tuliyoichapa. Mama mzee aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaonesha alama ndogo ya moto kwenye kidevu, ya tanuri la zamani. "Hata kovu langu lipo," akasema, na mwanawe akageuza uso dirishani. Niliwapa bahasha bila uongo wowote tayari mdomoni.

Studio haikufungwa. Lenzi ya zamani ipo kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, na wifi huitoa mara moja moja kuizungusha tu, kwa kumbukumbu ya vidole. Siku hizi ukali anausikia kwa mlio kabla ya kuuona kwenye kioo, na wateja wanaambiwa habari za kisanduku kana kwamba yeye ndiye aliyekibuni.

Asubuhi, kabla hatujafungua, ananiita nyuma ya pazia. Anasema anaijaribu kamera. Kamera ile haihitaji kujaribiwa kila siku, nami najua, na yeye anajua kwamba najua. Nimewahi kumwambia ahamishe picha ya kaka yake, maana kisanduku huanzia pale siku zote. Amekataa, anasema mwache akae, kidole cha kukihamisha kisanduku anacho.

"Kaa nikuone," ananiambia, huku anajipaka mafuta.

Nakaa. Kisanduku kinakwenda kwa mume wangu, anakirudisha kwangu, na mimi natulia.