Mabunda Mawili ya Baba

Karatasi za zamani zilizoandikwa kwa wino wa masizi zikiungua hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyogandia sufuriani. Juzi mjukuu wangu alichoma madaftari yake ya shule uani, nikajikuta nimeshika ukuta, naitafuta harufu ile nisiipate. Ndipo nikaona niwasimulieni jambo ambalo sijapata kumwambia mtu.

Baba yangu, Mwalimu Kondo, alifundisha Kurani katika kijiji chetu, kwenye njia ya kutoka Kisarawe kwenda Maneromango. Hiyo ndiyo kazi waliyomjua nayo watu. Lakini kila alipopata nafasi alishika njia kwa miguu, mpaka Mlandizi, mpaka Pangani ile ya Kibaha, akaketi na vikongwe na kuandika nyimbo zao za harusi, za kulimia na za kubembelezea watoto, pamoja na maneno ya Kizaramo ambayo vijana walikuwa wameanza kuyaacha. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo uliosongamana kama siafu. Mama alizoea kumtania mbele ya mashoga zake: "Mume wangu ameoa mabibi wote wa Uzaramo. Kwangu anakuja kula tu."

Alikuwa pia na mashairi yake mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyotuponza. Miaka ile, vita ya Hitla imekwisha, wanaume wa kwetu walikuwa wakitolewa kwa zamu kulima barabara ya serikali, wakashinda juani bila chakula. Baba akatunga:

Barabara twailima, ni ya nani motokari?
Mgongo wangu wauma, jumbe avuta sigari.

Shairi lile likatoka barazani likaenda kisimani, likaimbwa na kila aliyebeba mtungi. Hata mke mdogo wa jumbe aliliimba siku mbili nzima kabla hajaulizwa kama anajua anamwimba nani.

Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, binti yao wa pekee. Baba alinifundisha kusoma, na wageni wakija aliniita, "Tatu, hebu wasomee," nami nikasoma ukurasa mzima bila kukwama, wageni wakatikisa vichwa kwa mshangao. Hakuna aliyejua kwamba ukurasa ule nilikuwa nimeukariri. Mwandiko wake wa kila siku sikuweza kuusoma kabisa, na niliona haya kusema.

Asubuhi moja Baba akiwa amekwenda kuzika Maneromango, Shangazi Pili, dada yake, aliingia uani mbio, kanga imemvuka begani.

"Wifi, wanakuja! Askari wawili na karani wa boma. Wanayataka mashairi ya Mwalimu. Nimewapita pale mtoni, wanakunywa maji."

Mama alilifungua kasha la Baba akatoa mabunda mawili, yamelingana unene, yote yamefungwa kwa kitambaa cheupe. Mama hakujua kusoma hata jina lake. Akaniwekea yote mawili mapajani.

"Mwanangu, moja ni kazi yake ya miaka yote ile ya kutembea. Jingine ndilo la barabara. Nionyeshe la barabara, nilichome."

Nikafungua la kwanza. Siafu watupu. Nikafungua la pili, siafu vilevile. Machozi yakanijaa, herufi zikaanza kutembea. Mama alikuwa ameshapuliza moto, anasema, "Haraka, mama, haraka," na Shangazi mlangoni anasema wameshafika kwenye mikorosho. Ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe fupi. Badala yake niliweka kidole juu ya bunda moja nikasema kwa sauti ileile ya kuwasomea wageni, "Hili hapa."

Mama alilitia motoni karatasi baada ya karatasi, akafukia majivu humo humo mafigani.

Askari hawakupindua hata kitanda. Karani alilikuta bunda lililobaki, akalifungua, akasoma kwa sauti mstari wa kwanza uliomjia machoni. Ulikuwa ule wa jumbe na sigari. Akatabasamu, akalifunga tena vizuri, akalitia kwapani.

Mama alinitazama mara moja tu. Kisha akapiga magoti kwenye mafiga akaingiza mkono katika makaa, anapapasa, mpaka Shangazi akamvuta kwa nguvu. Alipata kipande kama kiganja cha mtoto. Ngozi ya vidole vyake haikurudi kuwa kama zamani.

Baba walimkamata njiani akirudi mazikoni. Alifungwa miezi mingi. Siku aliyotoka nilimwamkia, "Shikamoo, Baba," akaitikia "Marahaba" kwa sauti nisiyoijua, akapita moja kwa moja mpaka kwenye kasha. Alilitazama lilivyo tupu.

"Nani alichagua?" akauliza.

"Mimi," alisema Mama. "Nilipapatika, nikashika lililokuja mkononi."

Baba akalifunga kasha. "Basi," akasema. "Ulijitahidi, mama Tatu."

Akaanza upya. Alikwenda Mlandizi, akakuta bibi aliyempa nyimbo nyingi kuliko wote amekwisha kuzikwa. Alikwenda Pangani, mzee wa kule alimwita kwa jina la mwanawe aliyekufia vitani, akalia, wala hakukumbuka wimbo hata mmoja. Baba alirudi na vumbi mpaka magotini, akaketi na kalamu, akaandika nusu ukurasa, akaufuta. Miaka michache baadaye kifua kilimchukua, bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea bomani.

Nilikuwa nimeshazaa mwenyewe nilipotambua kitu ambacho kingemchukua mtu mzima dakika moja kukiona. Baba hakuuliza nani alichoma. Aliuliza nani alichagua. Na katika nyumba yetu, akiwa yeye hayupo, aliyeweza kuombwa achague karatasi alikuwa mmoja tu. Alijua tangu siku ile, na alijua pia kwa nini Mama alijibu upesi namna ile. Ndiyo sababu hakuniita tena niwasomee wageni. Mimi nilidhani ni majonzi tu.

Siku zake za mwisho mimi ndiye niliyemnywesha maji. Kila nilipomwinua kichwa alinitazama kwa muda, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Nikamfuta midomo, nikamlaza.