Mkato Kwenye Tairi la Kushoto

Kazini walimwita Fundi Tairi, na jina hilo halikumuudhi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, mikono mipana kama ya marehemu baba yake, na sikio moja tu linalofanya kazi. La kushoto lilikufa akiwa na miaka minane, alipougua matubwitubwi. Uso ulivimba wiki nzima, kisha uvimbe ukaondoka na usikivu ukaondoka nao. Waliomzoea walijua kukaa kuliani kwake. Wageni walidhani ana maringo, maana ukimsalimia upande mbaya anakupita kama amepita nguzo.

Kiwanja chao cha ndege kilikuwa kidogo: njia moja ya kurukia, ukumbi mmoja wenye viti vya plastiki, na karakana ya mabati ambayo mchana ilipika watu. Yeye alishughulika na magurudumu na breki. Ndege ikitua, abiria hutazama dirishani; yeye alitazama chini, pale mpira unapogusa lami. Kwa ule moshi mdogo tu angekuambia nani ameitua, yule kapteni mzee anayeibembeleza kama mtoto mchanga au yule mnene anayeibwaga kama gunia la mkaa.

Lakini hakuna mtu anayeanza maisha kwa kupenda matairi. Yeye alipenda kuruka. Akiwa na miaka kumi na miwili alikuwa na daftari la kuandikia herufi za usajili za kila ndege iliyopita juu ya nyumba yao, na alimlazimisha mdogo wake wa kike, aliyezaliwa miaka minne baada yake, ashike penseli.

"Andika upesi, inapotea hiyo!"

"Nimechoka, Dada. Zote si ndege tu?"

Zote si ndege tu?  Maneno hayo ya mtoto wa miaka minane aliyabeba kifuani miaka yote, kama mtu anayetunza risiti.

Alipofikisha ishirini alifanya mtihani wa kuingia chuo cha urubani, akafaulu vizuri. Ikabaki daktari. Daktari alimpima macho, moyo na pumzi, kisha akasimama nyuma yake, upande wa kushoto, na kunong'ona. Binti akawa anasubiri daktari aanze, na daktari ameshamaliza. Alirudi nyumbani na vitabu vyake vya urubani kwenye mfuko, vile alivyovisoma mpaka vikalegea, na pembeni mwa kila ukurasa maelezo yake ya penseli. Akavipanga juu ya kabati. Mwaka uliofuata akaingia ufundi.

Basi yule mdogo akamaliza shule, akakaa nyumbani miezi mitano bila la kufanya. Siku moja ya mvua akashusha vitabu vile vile, akavisoma akiwa amelala kwenye kochi na miguu ukutani. "Dada, hiki umekiandika nini hapa?" aliuliza. Na dada mtu, kwa kuwa hakuhisi hatari yoyote, akamweleza. Alimweleza wiki nzima. Alipokuja kustuka, mdogo wake ana barua ya chuo mkononi, na daktari amemnong'oneza akajibu kila neno.

Hapo ndipo kilipoanza kijiba cha roho.

Si kwamba alimchukia. Alimsindikiza chuoni, alimfungia begi, na baba yao alipofariki walilala kitanda kimoja siku saba. Lakini kila hatua ya mdogo wake ilimpita moyoni kama kisu butu. Siku alipovaa sare, dada mtu alisema imembana mabegani, na haikumbana. Siku alipoajiriwa rubani msaidizi, dada mtu alisema siku hizi wanachukua yeyote. Picha yake ilipotundikwa sebuleni, amesimama mbele ya propela na miwani myeusi, dada mtu alihama kiti chake, akawa anakula akiipa mgongo.

Na lililomuuma kuliko yote lilihusu jina. Kama ilivyo kawaida, mama yao tangu zamani aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Miaka thelathini na zaidi mtaa mzima ulimwita hivyo, kuanzia dukani mpaka msibani. Yule mdogo alipopandishwa kuwa kapteni, muuza duka akaanza kwa utani: "Karibu, Mama Kapteni!" Wiki mbili baadaye ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Mama akawa anaitikia na kutabasamu. Fundi Tairi alisikia jina lake likifutwa mdomoni mwa watu, na kwa hili hata sikio moja lilitosha.

Ikaja Jumamosi moja. Kapteni alikuwa amepangiwa kurusha ndege kutoka kiwanja cha nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa kwenye kiti cha kushoto, yaani kiti cha mkubwa. Ilikuwa ndege ya abiria kumi na tisa, propela mbili. Na mama alikuwa mmoja wa abiria, anakwenda kumsalimia dada yake. Alikuwa hajapanda ndege maishani. Walimsindikiza majirani sita, kila mmoja na simu yake tayari kupiga picha, na mama amevaa viatu vinavyombana ili tu vifanane na mkoba.

Zamu ya ukaguzi ilikuwa ya Fundi Tairi. Alipita kuliani, salama. Akapita kushoto, akapiga magoti, akaliona: mkato kwenye tairi, mrefu kama kidole cha mwisho, uliopigwa labda na jiwe. Aliingiza kipimo. Sheria ilikuwa wazi, mkato ukifika kwenye nyuzi za ndani, tairi linatolewa. Haukufika. Ila ulikuwa umekaribia kiasi kwamba angeweza kusema lolote, na kitabu cha sheria kisingemkanusha.

Alipima mara ya pili, halafu ya tatu. Tairi kama hili, angelikuta kwenye ndege ya yule kapteni mnene, angelisemaje? Akajaribu kukumbuka matairi mengine na hakukumbuka hata moja. Kichwani palijaa mama na viatu vyake, picha ya sebuleni, na zile simu sita zilizoinuliwa kwenye uzio.

"Hii haiendi," akasikia mdomo wake ukisema. "Tairi linabadilishwa."

Kapteni aliteremka ngazi, kofia kwapani. Akaja akasimama kuliani, kama alivyozoea tangu utoto. "Kuna nini, Dada?"

"Mkato."

Mdogo wake akainama, akatazama. Alikuwa anajua kutazama. Vitabu vilikuwa vile vile. "Nyuzi sizioni."

"Zipo karibu."

"Karibu, lakini hazijaonekana. Jana mkato huu ulikuwepo?"

"Jana sikuwa zamu."

"Dada." Sauti ikashuka. "Mama yuko pale. Abiria wameshapewa vikaratasi vyao vya kupandia. Niambie kama fundi, siyo kama dada. Hii kweli haiendi?"

"Wewe ndiye kapteni," Fundi Tairi akajibu, na neno lilitoka na siki. "Ukitaka kuondoka nayo, ondoka. Mimi sahihi yangu siweki."

Walitazamana. Bila sahihi ndege haitoki, na wote wawili walilijua hilo. Kapteni akavaa kofia yake taratibu. "Badilisha," akasema, akaenda mwenyewe ukumbini kuwaeleza abiria.

Kazi ilichukua saa moja na robo, maana jeki iligoma mwanzoni. Karani wa abiria alipita mara tatu akitazama saa kwa namna ya kuonekana. Kwenye uzio majirani walichoka kusimama, na muuza duka, ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, akasema: "Kati ya ndege zote! Huo ni wivu, hata mtoto angeuona." Upepo ukaleta maneno yale moja kwa moja upande wa sikio zima.

Ndege iliondoka. Mama alipunga mkono dirishani, haijulikani kwa nani. Fundi Tairi akalibeba lile tairi mpaka kwenye meza ya karakana, akafunga mlango, akaupanua mkato kwa koleo na kumulika kwa tochi. Alitaka sana uwe mbaya. Aliomba, kabisa, kwa midomo, aone uzi hata mmoja.

Mpira ulikuwa mzima. Tairi lile lingetua tena mara ishirini bila kulalamika.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tochi bado inawaka mchana kweupe. Kisheria hakukosea, mwenye shaka hazuiwi kulitoa tairi. Angeweza kunyamaza na hakuna ambaye angemuuliza. Lakini lililomtisha halikuwa tairi hili. Alijiuliza itakuwaje siku wivu ukimgeuka upande wa pili: siku ataona mkato wa kweli, aogope kusemwa, akanyamaza.

Akaenda kwa mkuu wa karakana, mzee mwembamba aliyekuwa akila mkate juu ya gazeti.

"Mzee, nitoe kwenye ndege ya mdogo wangu. Usinipangie tena."

"Kwa sababu ya maneno ya uzioni? Achana nao."

"Si wao. Leo nimepima mara tatu na sijui nimepima nini. Nilikuwa naangalia tairi, namwona yeye."

Mzee aliacha kutafuna. Akafungua kitabu cha zamu, akafuta jina la fundi wake kwa kifutio. "Nina miaka thelathini na moja hapa," akasema. "Watu huja kuniambia breki mbovu, injini mbovu. Aje aniambie jicho lake ni bovu? Wewe ndiye wa kwanza." Hakusema zaidi, akarudia mkate wake.

Kesho yake jioni Kapteni alirudi, na mama naye. Mama aliteremka miguu peku, viatu mkononi, akimsimulia kila aliyekuwepo jinsi mawingu yanavyoonekana kwa juu, na kwamba alishika mkono wa mzee asiyemjua safari nzima. Fundi Tairi alimpokea mkoba. Mama akambusu shavuni na kusema tu, "Tumetua laini, mwanangu," akaelekea chooni mbio.

Kapteni alikuja karakana na kofia mkononi. Alikuwa ameshaona orodha mpya ya zamu ukutani.

"Umenikimbia."

"Tairi lilikuwa zima," dada yake akasema. "Nimelifungua. Lingekwenda."

"Najua. Nililiona."

"Kwa nini hukunishinda, basi? Ungemwita mkuu wa karakana."

"Mbele ya mama nianze kubishana na wewe?" Kapteni akavuta ile ndoo, akaikalia upande wa kulia. "Sikiliza. Nimejua muda mrefu. Unafikiri sioni unavyokaa ukiipa mgongo picha? Nilitaka kuitoa, mama akakataa."

Fundi Tairi alihisi uso unawaka. "Naona wivu, mdogo wangu," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. "Nakuonea wivu mpaka nachoka. Ulisema zote ni ndege tu."

"Nilikuwa na miaka minane!"

"Najua."

"Na mimi ningefanyaje? Nikatae kuruka kwa sababu wewe husikii sikio moja?"

"Hapana. Ungekataa ningekuchukia zaidi."

Hapo wakacheka, kicheko kifupi kisichomaliza lolote. Kapteni akasema: "Mimi nikiwa juu, nikifikiria kutua, nataka kujua nani ameangalia chini. Wengine wanaangalia kazi iishe. Rudi kwenye ndege yangu. Asaini mtu mwingine, sawa, lakini uiangalie wewe. Nataka jicho lako. Moyo wako kaa nao mwenyewe."

Mkuu wa karakana alikubali. Ikawa hivyo: Fundi Tairi anakagua, fundi mwenzake anakagua tena na kuweka sahihi, na wakitofautiana mzee anaitwa. Katika miaka miwili walitofautiana mara moja tu, na mara hiyo Fundi Tairi ndiye aliyesema tairi ni zima.

Asije mtu akadhani wivu uliisha. Mtaani mama aliendelea kuitwa Mama Kapteni. Na mdogo wake alipochukuliwa na kampuni kubwa, akaenda kurusha ndege za masafa marefu zisizotua kabisa kiwanja kile, dada mtu alipokea habari kwa simu akiwa chini ya bawa, mikono imejaa grisi, na roho ikamuuma vile vile, mahali pale pale. Alisema, "Hongera, Kapteni." Halafu akamuuliza matairi ya ndege hiyo mpya ni mangapi, na akasimama pale, sikio lake zima limeelekezwa kwenye simu, mpaka akaelezewa yote.