Kijiko cha Kuonjea

Mpishi wa nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa huonja akiwa amefumba macho, kidole gumba kikisugua mafuta ya nyama taratibu, kama anayevuta tasbihi. Kijiko chake cha mbao hakiguswi na mtu. Risper, mfanyakazi wa ndani, humtazama kwa wasiwasi, maana tangu homa iliyomshika mwezi wa Ramadhani ulimi wa mzee hauonji hata chumvi, na siri hiyo wanaijua wao wawili tu. Leo bosi amerudi kutoka Riyadh na nyama ya paa wa aina mbili, mkubwa na mdogo, akasimama jikoni. “Yalla, haya mzee, yupi mtamu?”

Mpishi akakaanga vipande viwili, akamsogezea Risper. “Tafuna, bibie. Unaona nini?” Risper naye akafumba macho, akajiona katika msitu uliolowa mvua. “Huyu mkubwa ana ladha ya ini na majani mabichi. Mdogo ni mlaini, kama aliyelishwa karanga.”

“Basi mkubwa tutamchemsha polepole,” mpishi akasema, “na mdogo tutambabua tu.”

Bosi akacheka. “Siku hizi unaonja kwa mdomo wa mwenzio?”

“Namfundisha, baba,” akajibu mpishi, akakifuta kijiko chake, akamkabidhi Risper.