Mwizi wa Akaunti ya Muganyizi

Katika mojawapo ya asubuhi zao za mwisho za kawaida, Leonsia alimwekea mumewe chai, viazi vitamu na simu.

"Baba Rachel, jifanye umesahau neno la siri."

"Kujifanya kwa nini?" alisema Muganyizi. "Nimelisahau kweli."

Leonsia alikuwa mwandikishaji wa wagonjwa kwenye zahanati ya parokia, huko Nyakato. Obedi, fundi wa kompyuta wa zahanati, alikuwa ametengeneza ukurasa wa kubadili neno la siri, ili wagonjwa waliolisahau bado waone tarehe zao za kliniki kwenye simu. Leonsia akakataa usifunguliwe mpaka mumewe aupite. Ndoa ya miaka arobaini na moja, na cheo chenyewe ndicho hicho: kipimo cha ujinga.

Namba sita zikaja kwa ujumbe. Kabla hajaipata miwani, muda ukaisha. Obedi alikuwa ameweka dakika tano, wezi wasipate nafasi.

Leonsia akampigia papo hapo. "Weka kumi na tano. Mwizi mhesabie mara anazojaribu, ukimchoka umfungie. Usimkimbize mzee wa watu na saa."

Na kwa ajili ya wasiosoma, mumewe akiwa mmoja wao, akarekodi maelezo ya ukurasa huo kwa sauti yake mwenyewe.

Siku ya tatu presha ilimwangusha Leonsia. Hakuamka.

Nyumba ikanyamaza. Muganyizi akagundua kwamba akibonyeza "Nimesahau", Leonsia anaongea. Basi akawa anasahau. Alisahau asubuhi, akasahau baada ya kula, Jumapili akasahau mara nne. Yeye aliyelinda geti la kiwanda miaka thelathini, na namba za malori yote kichwani!

Ijumaa moja akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena.

Mchana Obedi akabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, kuna mwizi. Wiki hii ameomba zile namba sita za akaunti yako mara kumi na tisa. Nimeifunga."

Muganyizi akatazama sakafu. "Anafananaje?"

"Haonekani, mzee. Hao wako mtandaoni."

"Huyu yuko kwenye kiti. Anakunywa chai."

Obedi akakitazama kikombe cha mzee, akaelewa. "Si ungeniambia tu, mzee?"

"Nikuambieje? Kwamba mlinzi mzima nagonga mlango wangu mwenyewe ili mke wangu aitike?"

Obedi alijikaza asicheke, akashindwa. Wakacheka wote wawili, mzee akafuta macho. Kisha Obedi akaiweka ile sauti kwenye simu, mbele kabisa, kwa alama kubwa nyekundu. Neno la siri halihitajiki.

Alipoondoka, Muganyizi akatafuta miwani. Mezani haipo. Chini ya mto haipo. Akachungulia hata ndani ya birika. Mwisho akapapasa ile alama nyekundu hivyo hivyo.

Leonsia akasema: "Umesahau? Usione haya, tuko wengi. Namba sita zinakuja kwenye simu yako. Usimtajie mtu, hata mimi. Una dakika kumi na tano. Tafuta miwani kwanza, anzia kichwani."