Mbwa Aliyelea Kandambili Zetu

Nyumbani kwetu mbwa haingii ndani. Mama yangu ni mtu wa Tanga, anaogesha vikongwe katika nyumba ya wazee huku Texas, na hakuna kitu kinachotoka mwilini mwa binadamu kinachomtisha. Ila mate ya mbwa, hapana. Chombo kilicholambwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na udongo wenyewe tunaununua dukani kwenye gunia lenye picha ya nyanya. Nilimwuliza kama wenye mbolea unahesabika. Akaniambia nikamwulize Mungu, na nikirudi nioshe vyombo.

Kwa hiyo jirani yetu, babu wa Kizungu anayeishi peke yake, alipolazwa kwa upasuaji wa nyonga na kutuomba tumtunzie mbwa wake, nilijua jibu. Nilikosea. Yule babu ndiye aliyemfundisha Mama kuendesha gari kwenye barafu, na kwa Mama ujirani ni deni. Akakubali kwa sharti moja: mbwa akae garaji.

Alikuwa jike la makamo, chuchu zimelegea hadi karibu na sakafu. Miaka yote alikuwa akizalishwa kwenye shamba moja la kuuza watoto wa mbwa nje ya mji, mimba juu ya mimba, mpaka alipokwisha nguvu, ndipo babu akamchukua. Garaji yetu inaingia magari mawili na lilikuwamo moja tu. Yeye alizunguka duara dogo, upana wa meza ya kulia, akirudi palepale, kama bado yumo kwenye kizimba. Nikiwa chumbani nafanya hesabu nilisikia kucha zake kwenye sementi. Nilimwambia Mama tumefungua uwanja wa riadha. Hakucheka.

Asubuhi ya kwanza kandambili zote hazikuwapo mlangoni. Kwetu viatu vinavuliwa garaji, kila mtu na pea yake. Nilizikuta kwenye pembe. Amezikusanya, amezipanga chini ya tumbo, amezilalia nusu, anazilamba moja baada ya nyingine.

"Mama," nikaita, "njoo uone wajukuu zako."

Alikuja amevaa glavu za kazini. Kichwani anahesabu najisi, namjua. Akainama avute ya kwake, ile ya bluu. Mimi nilirudi nyuma nikingoja meno.

Mbwa hakung'ata wala hakunguruma. Aliilamba ile ya bluu haraka haraka, kama mtu anayemfuta mtoto uso kabla ya kumtoa nje, kisha akageuza kichwa akautazama ukuta. Akakaa hivyo, anangoja tumalize.

Mama alibaki ameinama. "Anatuachia," akasema. "Kazoea."

Akairudisha. Siku zote mbwa alizokaa kwetu tulipita garaji peku, na Mama akaenda msikitini na viatu vya kazini. Nilikuwa nimepiga picha niwatumie wenzangu darasani, nikaifuta. Mzaha wake nilikuwa nao tayari, ila kila nikiifungua nilimwona anautazama ukuta.

Babu alipopona alikuja na mkongojo akamchukua. Novemba ikafika, na Mama akapiga kura yake ya kwanza tangu awe raia. Majaji, maana huku nao hupigiwa kura, aliwaruka, anasema hawajui wala hawamjui. Mwisho kabisa kulikuwa na swali la mji wetu mdogo: mbwa wa kuzalishwa wapewe nafasi ya kunyoosha mwili, watolewe nje kila siku, wapumzishwe kati ya uzao na uzao. Hilo alilisoma lote. Akasema ndiyo, na wengi wakasema ndiyo, ikawa sheria.

Haikufika mwaka, madiwani wakatangaza wanataka kuifanyia marekebisho. Marekebisho yenyewe ni kufuta yale matatu na kubakiza jina la sheria.

Mjomba wangu wa Missouri City, kule Houston, alipiga simu kumcheka.

"Dada, umevuka bahari kuja kugombania mbwa?"

"Wewe ulipigia nini kura?"

"Mimi siku ile nilikuwa kazini."

"Basi endelea na kazi, mdogo wangu."

Tukaenda kikaoni, Mama na sare yake ya kazini. Diwani mmoja, sauti ya upole sana, alieleza kwamba wananchi wana moyo mzuri lakini hawakuelewa walichokipigia kura. Nikamwona Mama anavua miwani. Kiingereza chake ni kizuri ila akikasirika kinamkimbia, kwa hiyo tulisimama wote kwenye kipaza sauti, mimi mkalimani. Kazi hiyo naijua. Kwenye vikao vya wazazi shuleni huwa natafsiri tabia zangu mwenyewe, kwa huruma nyingi.

"Waambie nilisoma swali lote," akasema. "Mbwa sina, na kwangu haingii. Sikupiga kura kwa kumpenda mbwa. Nilimwona mzazi anageuza uso ili achukuliwe watoto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwachia. Kama sheria hamuitaki, turudishieni swali tulijibu tena. Msiifute nyinyi wachache hapo mezani."

Sikupunguza neno wala kuongeza. Diwani akamshukuru kwa hadithi yake nzuri.

"Si hadithi," Mama akasema. Hilo nalo nikalitafsiri.

Wakapiga kura, wakapitisha kufuta. Inabaki kura moja ya mwisho ya madiwani haohao, wiki chache zijazo, ndipo iwe imekwisha.

Waheshimiwa madiwani, kama mtayasoma haya, mimi bado niko shule na kura sina, na mwalimu wa uraia atawaambia mimi ni msumbufu. Lakini kwenye mtihani wake nilijibu kwamba mwananchi akishaamua kwenye sanduku, kiongozi anatekeleza, na alinipa alama. Kama nilidanganya, mwambieni aniondolee. Kama ni kweli, iacheni sheria ifanye kazi.

Siku ile, kurudi kutoka kikaoni, Mama hakupita barabara kuu. Alipita ile inayopakana na lile shamba, akasimamisha gari, akazima redio, akashusha vioo. Jua lilikuwa bado juu. Mabanda marefu ya bati, mafeni makubwa yanavuma ubavuni, na nyuma ya mafeni kitu kama kubweka, mbali, kama kiko chini ya maji. Mbele ya mabanda kuna ua wenye seng'enge, mpana, mzuri. Majani yake yangenifika magotini, yamesimama wima kutoka seng'enge hadi mlangoni, na hapakuwa na hata njia iliyokanyagwa.

Mama aliyatazama sana.

"Kikao cha mwisho ni lini?"

Nikamwambia.

"Nina zamu," akasema. Akatoa simu, akaanza kumtafuta wa kubadilishana naye.