Kakakuona Alichagua Panga

Mkono wa kushoto wa Mzee Ishaka una vidole vitatu. Wiki ile ya kwanza, watu wa Jeppestown walisema kaponzwa na kiburi chake, maana mtu mzima hapigani na majambazi kwa ajili ya mnyama ambaye hata si wake. Niliwasikia wakisema hivyo kwenye ngazi za jengo letu, nikawasikia tena kwenye foleni ya mkate. Mimi nilikaa kimya, na si kwa adabu. Vile vidole viwili nilivikata mimi, ingawa panga lilishikwa na mtu mwingine.

Naitwa Shufaa, mzaliwa wa Tanga mjini, na nilikuja Johannesburg kusomea ikolojia. Siku ya kwanza darasani tuliambiwa kwamba nchi hii imejaliwa viumbe wa kila namna kuliko nchi nyingi duniani, na kwamba wanamalizwa na binadamu wenyewe. Basi nikapewa kazi ya kuwachunguza binadamu. Nilizunguka Randburg, Diepsloot na Jeppestown nikiwa na fomu ya maswali ishirini, nikiwauliza wahamiaji wanawaonaje wanyama wa porini, hasa kakakuona. Majibu yalikuwa ya namba, moja mpaka tano: moja hukubali hata kidogo, tano unakubali kwa moyo wote. Swali la tisa pekee lilikuwa la ndiyo au hapana: "Je, wewe au mtu wa kwenu amewahi kumdhuru mnyama huyu?" Watu mia na kumi na wawili waliniambia hapana, nami nikaandika hapana mia na kumi na mbili, nikajiona mtaalamu.

Ishaka alikataa fomu yangu tangu siku ya kwanza. "Mwanangu, hiyo tano ni tano ya nini?" aliniuliza. "Unampima mtu moyo kama unampima homa?"

Yeye ni wa kijijini, huko Handeni, na alifika kusini kwa malori zamani, mimi nikiwa bado sijaanza shule. Alifungua spaza, duka dogo la mtaani, huko Diepsloot, chumba cha mabati chenye dirisha la nondo. Mara ya kwanza walimvunja taya kwa rungu. Mara ya pili walimchoma kisu mgongoni akiwa ameinama kupima sukari. Mara ya tatu, mwaka ambao maduka ya wageni yalichomwa mtaa baada ya mtaa, walimfungia ndani wakawasha moto, akatoka kwa kupasua bati la nyuma kwa panga. Panga hilo hakuachana nalo tena. Wiki iliyofuata alimkuta mmoja wa wachomaji amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, akampiga kwa tofali. Alinisimulia hilo huku anamenya chungwa. "Nilimpiga mpaka mkono ukachoka," alisema, "halafu nikaenda kuswali." Majuto sikuyaona usoni mwake, na sitamsingizia.

Ishaka huyo ndiye aliyepata kazi ya kutembeza kakakuona. Nyuma ya Diepsloot kuna shamba lenye uzio ambako wanatunzwa wale waliookolewa. Polisi huwakamata wauzaji kwenye maegesho ya magari, mnyama yumo guniani, ndani ya buti, hana maji siku ya nne. Kakakuona halishwi kwenye sahani. Lazima atoke ajitafutie sisimizi mwenyewe, na mtu amfuate nyuma kwa saa nyingi, awe mlinzi wake. Wakati wa baridi hutoka mchana, jua linapochoma kidogo. Ishaka alimtembeza jike mmoja aliyefika na jeraha la waya mguuni na mapafu yanayokoroma. Alimwita Bi Mkubwa. Mnyama huyo alitembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani, pua chini, kama mama anayetafuta funguo alizoangusha. Nilimpenda Ishaka kwa jinsi alivyomfuata, hatua kumi nyuma, panga mkononi, akimsemesha kwa sauti ya chini mambo ambayo sikuruhusiwa kuyasikia.

Msimamizi wangu chuoni aliniambia fomu zangu hazisemi kitu, kila mtu kajaza tano. Alitaka imani za watu. Nami nilijua imani moja, kwa sababu Ishaka aliwahi kunisimulia. Kwao Handeni, kakakuona akionekana hupelekwa mbele ya wazee, akawekewa maji, unga na panga. Akiyaendea maji, mwaka una mvua. Akiuendea unga, watu watashiba. Akiliendea panga, damu itamwagika, na mapanga yote ya kijiji hufungiwa mpaka mwezi uandame tena. Na jibu halifichwi. Husomwa kwa wote ambao mnyama aliulizwa kwa ajili yao, maana likifichwa humrudia aliyelificha.

"Muulize Bi Mkubwa, mzee," nilimwambia. "Mara moja tu, niandike."

"Huyu si wa kuchezea. Nilipokuwa mdogo alichagua panga. Mjomba wangu akakataa kulifungia lake. Kabla ya mavuno alikuwa amemuua ndugu yake, kisa mpaka wa shamba tu."

"Au unaogopa jibu?"

Nililisema kwa utani, na nilijua linapomuuma. Mtu aliyepigwa mara tatu hapendi kuitwa mwoga. Kesho yake alikuja na bakuli la maji na sahani ya unga.

Simu haziruhusiwi mle ndani, na picha ni marufuku. Pacifique, mlinzi wa lango, Mkongomani wa Bukavu, aliiona yangu chini ya ushungi. "Dada, ile téléphone weka mu mfuko," aliniambia. "Miye sijaona kitu, sharp, sawa?"

Ishaka alipanga vitu vyake kwenye nyasi kavu, akavua kofia, akasema maneno ya kwao. Mimi nikatoa simu, nikaanza kurekodi video. Bi Mkubwa alisimama. Alinusa upepo, akayapita maji, akaupita unga, akaenda moja kwa moja kwenye panga na kuanza kuchimba pembeni ya mpini. Nilichuchumaa. Chini ya mpini palikuwa na tundu la sisimizi, wanatoka kwa wingi.

Nilicheka. "Sisimizi, mzee. Kafuata chakula chake."

Hakucheka. "Na panga nani aliliweka juu ya sisimizi?" aliuliza. Halafu akaniomba niipeleke video kwenye kundi lao la simu, Wana Handeni wa Joburg, ambalo aliniingiza yeye mwenyewe, watu kama sitini, kwa sababu jibu ni lao pia. Niliituma jioni hiyo kutoka chumbani kwangu. Walijibu kwa dua na kwa picha ndogo za mikono iliyokunjwa. Seif, fundi cherehani anayekaa ghorofa ya chini yangu, aliandika: "Mashallah, na huko ni wapi dada?" Nami nilivyojawa na sifa siku hiyo nikamjibu: "Nyuma ya Diepsloot, karibu na matangi ya kijani." Aliandika asante.

Huyo Seif alikuwa fomu namba arobaini na moja. Kakakuona alindwe: tano. Kakakuona ana haki ya kuishi: tano.

Siku ya nne baada ya kutuma video nilikwenda tena shambani, mchana. Ishaka alikuja mikono mitupu. Nilipomuuliza panga liko wapi, alisema amelifungia sandukuni mpaka mwezi uandame. Nikatikisa kichwa, nikaandika hilo pia kwenye daftari langu, nikapigia mstari.

Walitokea upande wa mto, walikokata uzio. Walikuwa wanne, wamefunika nyuso kwa kofia za sufu. Wa kwanza alinipiga kwa kitako cha bastola mdomoni, nikaanguka, nikahisi jino limelegea na damu imejaa kinywani. Akaniwekea goti shingoni. Shavu langu lilikuwa kwenye mchanga, na kila kilichofuata nilikiona nikiwa chini hivyo.

Bi Mkubwa alikuwa amejikunja, mpira mmoja wa magamba. Ishaka alijilaza juu yake. "Madala, we mzee, achia," mmoja alimwambia, kisha akampiga mpini wa sururu mgongoni. Nilisikia mbavu zikivunjika. Alimpiga tena, mara nyingi, kwa utaratibu, kama mtu anayepasua kuni na ana siku nzima. Ishaka alimuuma mmoja wao kifundo cha mguu, akamng'ang'ania mpaka yule akaanza kulia kwa jina la mama yake, wakamvunjia pua kwa teke ndipo akafungua meno. Walimvuta miguu, akaja na mnyama. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya ule mkunjo. Bi Mkubwa alikuwa amejifunga juu ya vidole vyake, na hakuna aliyeweza kumfungua.

Wa nne, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote na panga mkononi, aliinama. Alisema kwa Kiswahili, tena cha kwetu: "Mzee, achia tu. Hatukutaka ifike huku."

Ishaka aliinua uso wake, damu tupu. "Seif," alisema. "Kumbe ni wewe, mwanangu."

Panga lilishuka mara mbili. Pigo la kwanza halikutosha.

Waliondoka na gunia kupitia uzio. Pacifique alikuja mbio akipiga risasi hewani, lakini gari lao lilikuwa limeshawaka. Nilitambaa hadi kwa Ishaka, nikamfunga mkono kwa ushungi wangu, na nilikuwa nikisema pole, pole, pole, mpaka akaniambia ninyamaze.

Polisi waliwakamata siku mbili baadaye, wakitafuta mnunuzi kwenye maegesho ya jengo la maduka Randburg. Seif alikuwemo kwenye kiti cha nyuma. Gunia lilikuwa kwenye buti. Bi Mkubwa alikuwa amekufa akiwa amejikunja, na daktari wa wanyama alipomkunjua mezani, vidole viwili vya binadamu vilianguka. Vilifungwa kwa pamba vikaletwa hospitali kwenye kasha dogo, kwa kuwa kwetu sisi Waislamu kiungo kilichokatwa huzikwa. Mzoga wenyewe hatukupewa. Ulibaki kwa polisi, ushahidi.

Nilikwenda hospitali mchana, saa ya kuona wagonjwa. Kasha lilikuwa juu ya kabati, kando ya chungwa ambalo hakuna aliyelimenya. Ishaka alikuwa anaangalia dari.

"Nilimuuliza bila adabu," alisema. "Kumwita mbele ya mtu anayecheka. Kosa langu. Ndiyo maana amekwenda hivi."

Ningeweza kuliacha hapo. Alikuwa amejipa kosa mwenyewe, na mtu mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Lakini nilimwona anavyolibeba, mzee mwenye mbavu nne zilizovunjika, nikaona aibu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikamwambia. Kwamba Seif aliuliza ni wapi, na mimi ndiye niliyemjibu. Nikamsomea maneno yangu yaleyale kutoka kwenye simu: nyuma ya Diepsloot, karibu na matangi ya kijani.

Aligeuza uso ukutani. Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji ya mshipa, akatoka. Nilisikia pumzi za Ishaka zinavyokwama kwenye mbavu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema hatimaye, bado amenipa kisogo. "Nilidhani ni Seif peke yake."

"Nisamehe, baba."

"Sijafika huko." Akageuza uso kwangu. "Ile fomu yako unayo?"

Nilikuwa nayo. Iko kwenye mkoba wangu siku zote, hata leo. Nilidhani anataka kuijaza, nikatoa kalamu, nikamsogezea.

"Si mimi," alisema. "Umewauliza watu wote wa Johannesburg. Wewe nani amekuuliza?"

Nikaiweka gotini, mdomo wangu bado umevimba, nikajaza fomu ya mia na kumi na tatu. Jina: Shufaa. Mahali ulipozaliwa: Tanga. Yale ya namba niliyaruka, mkono ulikataa kuandika tano. Nilipofika swali la tisa niliandika ndiyo, nikamwonyesha.

Hakuitazama. "Jibu halifichwi," alisema. "Lisome kwa wote."

Nilielewa anachotaka, na niliogopa kuliko nilivyoogopa bastola. Watu sitini, wengine majirani zangu, wanaonipa salamu kila asubuhi kwenye ngazi. Nikafungua kundi la Wana Handeni. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa mtu aliyeandika kwamba Mzee Ishaka kaponzwa na kiburi. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi sauti, nikataja jina langu, nikasoma swali la tisa na jibu lake, halafu nikaeleza nilimwambia nani, lini, na kwa maneno gani. Sikurekodi mara ya pili.

Nikatuma. Ishaka alinyoosha ule mkono uliofungwa bendeji, akalisukuma chungwa kuelekea kwangu, akaniambia nilimenye.