Kabureta Niliyoifunga Vizuri Mno

Gari lile halikuumbwa kwa ajili ya barabara za Mbinga. Lilikuwa la Kimarekani, milango miwili, pua ndefu, injini ya silinda nane, na lilikaa chini kiasi kwamba tulilipandisha kwa springi za Land Rover ndipo livuke makorongo. Tajiri wangu alilinunua Dar es Salaam miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye nacho akataka aonekane anacho. Angeweza kununua pikapu kama watu wenye akili. Akanunua lile. Mimi nilikuwa fundi wake, na nasema bila aibu kwamba nililipenda kuliko mwenyewe.

Shida yake ilikuwa kabureta. Mbinga tuko juu, hewa nyepesi, na injini isipopunguziwa petroli inakohoa na kutoa moshi mweusi. Mbamba Bay ni chini, joto, hewa nzito. Gari lililopangwa kwa mlimani likifika ziwani linakosa petroli, linakohoa, linapiga mishindo na kuchemsha. Kwa hiyo kila Alhamisi tajiri alipoteremka kufuata mizigo ya meli, ilimbidi anibebe. Tukifika nafungua kabureta, natoa jeti ndogo, vile vijitundu vya shaba vinavyopitisha petroli, naweka kubwa, kisha nageuza skrubu mpaka injini itulie. Tunalala huko. Ijumaa tunapanda, na juu nabadilisha tena.

Ukweli ni kwamba kulikuwa na mpangilio wa katikati. Angeuvumilia moshi kidogo huku na mishindo kidogo kule, angekwenda na kurudi bila mimi. Niliujua tangu mwezi wa kwanza, na sikumwambia.

Sikumwambia kwa sababu pale tulipoegesha palikuwa na baraza, na barazani palikuwa na dada mmoja na cherehani yake. Alikuwa akiishi na shangazi yake, akishona sare za shule na kanzu za wanakwaya. Hakuwa msemaji. Wiki za mwanzo tulipeana salamu tu, mimi kichwa ndani ya boneti, yeye kichwa juu ya mshono. Nikizima injini naisikia cherehani yake, akisimamisha cherehani anaisikia injini yangu. Nilianza kuzihesabu siku kuanzia Jumamosi. Nilimtaka yule dada, sina namna nyingine ya kulisema.

Siku moja niliifunga kabureta, nikafuta mikono, nikasema kazi imekwisha. Akasema bila kuinua macho:

"Bado, fundi. Wiki iliyopita ilitulia kweli. Leo umeiacha kidogo, ili kesho asubuhi upate sababu ya kuja tena."

Nikajitia kushangaa. Nikamuuliza fundi nguo anajuaje mambo ya injini.

"Mimi nikilegeza uzi makusudi, cherehani inaniambia. Hiyo yako nayo inasema."

Nilisikia uso ukiwaka. Nikachukua bisibisi nirekebishe, akanizuia kwa mkono.

"Basi, iache hivyo hivyo."

Tangu siku ile tulielewana. Gari likifika linakohoa, anajua nimekuja na bado nataka kuja. Shangazi yake alianza kunikaribisha ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwani, na kuniuliza kama huku kwetu mlimani Waroma wote wanakula polepole namna ile. Wao walikuwa Waanglikana. Alikuwa akinitania, lakini alikuwa ananipima pia. Mshenga wa kunipelekea posa nilikuwa nimeshampata, ananisubiri mimi tu niseme. Nikasema acha msimu wa kahawa upite. Ukapita. Nikasema acha nimalizie kupaua nyumba. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi la kwangu lilikuwa bado halijaniuma.

Ndipo tajiri aliporudi kutoka Songea na kabureta ya Kijapani. Wakati ule vitu vya Japani vilikuwa vimeanza kumiminika, vilivyotumika lakini vizima. Hii ilikuwa na kidude pembeni kinachopunguza petroli chenyewe hewa ikiwa nyepesi. Ilikuwa na midomo miwili, na kiti chake kwenye injini yetu kilikuwa cha midomo minne.

"Fundi wa Songea amesema haiingii," tajiri akasema. "Amesema hakuna mtu wa kuifunga."

Mtu akitaka kuniharibia maisha, aniambie tu kwamba fundi mwingine ameshindwa. Niliichukua kabureta ile mikononi mwake kabla hajamaliza. Nilikata bamba la alumini kutoka gamba la giaboksi ya lori bovu, nikalipiga tupa mpaka likakaa sawa. Gasketi nilizichora kwenye karatasi ngumu ya boksi. Fimbo ya kuvuta mafuta niliitengeneza kwa spoku ya baiskeli. Siku tatu sikushika kazi nyingine, wateja wakanuna, chakula nikaletewa kikapoa. Jumatano mchana nikawasha. Nikaweka glasi ya maji juu ya injini ikinguruma, na maji hayakutikisika. Gereji nzima walipiga makofi. Nikawatangazia kwa sauti kwamba sasa gari hili linajirekebisha lenyewe, mlimani na ziwani, halihitaji mtu.

Kesho yake Alhamisi nilifika na mkoba wangu, nimevaa shati safi. Kwenye kiti changu palikuwa na katoni mbili za sabuni.

"Leo pumzika, fundi," tajiri akasema kwa furaha. "Si umesema halihitaji mtu?"

Nilisimama pale na mkoba wangu. Ningemwambiaje? Nimelisema mwenyewe mbele za watu. Nilisikia gari likishuka, laini, likipokea gia bila kigugumizi, mpaka likapotelea nyuma ya mlima. Lilinguruma vizuri sana. Nililichukia.

Ningeweza kumpa tajiri ujumbe, nikaona aibu. Ningeweza kupanda lori la mahindi, nikasema wiki ijayo. Alhamisi nne nilisimama gerejini nikimuwaza, mikono haina kazi, nikitamani hata kuwasikia wale wanakwaya wake wakigombania vipimo. Baada ya ile ya nne tajiri alisema kwa kupita tu kwamba yule fundi cherehani ameniulizia.

"Nikamwambia fundi wangu bingwa, amelitibu gari, limepona kabisa. Akaniomba niwashe asikilize. Nikawasha."

"Akasemaje?"

"Alirudi kushona."

Wiki ile ile mvua zikashuka, barabara ikakatika, na lori la kwanza lililothubutu kuteremka nilikuwa juu yake, juu ya magunia, baada ya miezi miwili na zaidi. Mahali palipobomoka tulitembea kwa miguu.

Nilimkuta barazani, anashona nguo nyeupe. Nikamsalimu shangazi, "Shikamoo," akaitikia marahaba akaingia ndani upesi, na hapo nikajua. Posa ya mwalimu mmoja wa kijiji cha Kingerikiti ilikuwa imepokelewa. Nguo ile ilikuwa ya harusi yake mwenyewe.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Mimi sikutaka barua," alisema. "Wewe ulikuwa unaniambia kwa gari. Wiki ya kwanza likaja halikohoi, nikasema labda mzee kaazima fundi mwingine. Ya nne nikamwomba mzee aniwashie, nikasikiliza mpaka mwisho. Hukuacha hata skrubu moja kwa ajili yangu. Nikaelewa umeshanisahau."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kumwambia kwamba kilikuwa kiburi tu cha fundi, kwamba ni yule fundi wa Songea aliyeshindwa, kwamba moyo haukuwamo. Nilifungua mdomo. Kisha nikazikumbuka zile siku tatu, tupa mkononi, na jinsi nilivyokuwa na furaha. Sikumuwaza hata mara moja. Alikuwa amesikia sawasawa.